Nimekwama na mwisho wa mchezo wetu: mke wa mtu na shemeji yake, naombeni mawazo

Mwandishi_wa_Pasua

Habari za jioni wadau. Kikundi chetu hapa Moshi tunaandaa mchezo wa jukwaani, mwandishi ndo mimi, nimefika sehemu ya tatu kalamu imegoma.

Kisa kiko hivi. Manka ni fundi cherehani, ana kibanda chake jirani na soko la Mbuyuni. Mumewe Elibariki ana duka la vifaa vya ujenzi. Ndoa ya kanisani, watoto wawili, nyumba wamejenga Pasua, kwa nje watu wanawaonea wivu. Elibariki sio mlevi, hapigi, hana nyumba ndogo. Hilo nimelifanya makusudi kabisa maana nimechoka na yule mume wa bongo muvi anayeingia na chupa mkononi anatukana mpaka mtazamaji anaruhusiwa kumchukia bila kufikiri. Huyu wangu anarudi saa tatu usiku, anaweka simu kifudifudi mezani, anakula, anauliza luku imebaki yuniti ngapi, analala. Maneno yao ya wiki nzima ukiyaandika yanaenea nyuma ya risiti moja: luku, ada, mchele. Manka akivaa gauni jipya alilolishona mwenyewe anaulizwa "unaenda wapi".

Afu anakuja Godlisten, mdogo wa Elibariki, kitinda mimba, kazi ya Dar imeisha, kaka mtu kamwambia kaa hapa usaidie dukani. Siku moja cherehani ya Manka imegoma, Godlisten anaifungua, anavuta nyuzi zilizojisokota kwenye bobini, anatia mafuta, na huku mikono iko kazini anauliza tu, "Shemeji, kushona ulijifunzia wapi?" Basi, sini yenyewe ndo hiyo. Manka anaanza kujibu anajikuta anaongea mpaka giza linaingia, maana kwenye nyumba ile hakuna aliyewahi kumuuliza. Kutoka hapo mnajua wenyewe mambo yanavyokwenda.

Sehemu ya tatu ni Desemba, ukoo mzima umepanda Kibosho, kwao mlimani, kwa Krismasi, siri inafumuka. Sasa wenzangu kwenye kikundi, mmoja anataka Manka anywe sumu, mwingine anataka panga, mwingine anataka padri aingie wote walie wasameheane taa zizimwe. Mimi yote siyataki ila sina la kwangu. Wanaojua sheria na mila naomba msaada, nisije nikachekwa na wazee siku ya onyesho.

chalii_wa_Ngarenaro

Oya mwandishi salute kwanza, hiyo ya luku imenigusa, maza na dingi wangu ndo maongezi yao hayo hayo miaka yote.

Sumu hapana aisee. Kila mchezo mwanamke akipenda nje ya ndoa lazima afe kabla watu hawajatafuta viatu vyao, na yule jamaa aliyekula naye anabaki anafuta machozi, kesho anaoa. Tushazoea, sa hivi akishika tu chupa ukumbi mzima wanaanza kufungua simu.

Mama_Kiboriloni

Mwanangu hongera kwa kazi. Mimi nitasema kuhusu mama mkwe kwa sababu naona hujamtaja hata kidogo, na ukoo umepanda Kibosho Krismasi, sasa wamepanda kwa nani kama sio kwa mama?

Huyo mama kwa umri wa hao wanawe ameyaona mengi. Zamani kwetu Wachaga mwanaume akifa, mjane alikuwa anaambiwa arithiwe na ndugu wa marehemu, ili watoto na kihamba, yani shamba la ukoo, visitoke nje ya ukoo. Yani huyo huyo shemeji ambaye leo ukimtazama vibaya ni aibu ya ukoo mzima, mume wako akifunikwa udongo wazee wanakaa kikao wanakwambia sasa huyu ndo wako. Jana haramu leo wajibu, na mwanamke hajaulizwa jana wala leo. Mimi shangazi yangu alipewa shemeji yake hivyo hivyo, alikuwa hampendi hata kumpikia chai.

Sasa mfanye mama mkwe awe ni mmoja wao. Baba yao alikufa mapema, yeye akarithiwa na mdogo wa marehemu, na Godlisten ndo mtoto wa huyo mdogo mtu. Elibariki hajui, au anajua na hasemi. Siri ikifumuka wote wanamgeukia mama alaani, yeye anashindwa kufungua mdomo. Mtu wa kumlaani Manka atakuwa mama mwenye historia hiyo hiyo tofauti tu yeye alipelekwa na wazee na huyu kajipeleka? Hapo wanawake ukumbini hawatacheka.

Karani_wa_Sheria_AR

Mimi nipo kwenye kazi za mahakama hapa Arusha nitasema upande huo tu, mapenzi waulize wengine.

Sheria ya Ndoa ya 1971 haina talaka ya kuamka nayo asubuhi. Mgogoro lazima uanzie baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la dini yenu, wajaribu kupatanisha, wakishindwa wanaandika hati kwamba wameshindwa, ndo unaenda kufungua shauri, na hata mahakama ya mwanzo inalisikiliza. Kuna mazingira machache ya kuruka baraza, mfano mwenzako amekutelekeza na hujui yuko wapi, ila Elibariki yuko dukani kila siku kwa hiyo Manka haponi hapo.

Mwandishi, mchezo wako uko kwenye hilo benchi la kata. Huyu mwanamke atakaa mbele ya watu wazima wanaomjua, pengine mmoja wao Manka aliwahi kumshonea sare za watoto, na ataulizwa mumeo ana kosa gani. Anakupiga? Hapana. Analeta chakula? Analeta. Ada? Inalipwa. Sasa? Atasema "haniulizi kitu"? Sheria inatambua ukatili wa mwili na wa akili pia kama dalili ya ndoa kuvunjika, lakini kuutoa huo wa akili mdomoni mbele ya wajumbe ni kazi kweli kweli, na wajumbe wengi watamwambia rudi nyumbani mama, wenzio wanatafuta mume wa hivyo. Ukiniuliza mimi hiyo sini niiangalie dakika ishirini siondoki.

Pili ugoni. Huku bara sio jinai, polisi msiwalete jukwaani na pingu. Lakini ile sheria inamruhusu mume, na mke vilevile, kumdai fidia mahakamani mtu aliyezini na mwenzi wake. Kwa hiyo Elibariki anaweza kumfungulia kesi ya madai mdogo wake wa damu. Pata picha ukoo unavyogawanyika hapo, nani anakwenda kutoa ushahidi upande wa nani.

Tatu mali. Asitoke mtu akasema Manka aondoke na kanga yake. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kama mchango kwenye mali ya ndoa, na huyu hata cherehani yake inaingiza hela. Mgawanyo unaangalia nani alichangia nini.

Nne wengi hawalijui hili. Shemeji, maana yake ndugu wa aliyekuwa mumeo, hayumo kwenye orodha ya watu sheria ya nchi inawakataza kuoana. Orodha inataja wazazi na watoto na wajukuu wa mwenzi wako na wa aina hiyo. Kwa hiyo talaka ikishatoka kinachowazuia ni ukoo na kanisa. Kanisa Katoliki talaka ya mahakama haiivunji ndoa yao, na Kibosho mnajua wenyewe kulivyo.

Na kwa Mama Kiboriloni, shikamoo. Hiyo ya mama mkwe ni kali. Ila mwandishi hesabu miaka vizuri. Sheria hiyo hiyo ya 1971 ilimpa mjane uhuru wa kukaa anapotaka na kuolewa na anayemtaka au asiolewe kabisa, mila iseme isiseme. Kama alirithiwa baada ya hapo maana yake alikuwa na haki ya kukataa na hakuna aliyemwambia. Hiyo inauma zaidi kuliko kama ingekuwa enzi za Mangi, watawala wa zamani wa Wachaga.

MtumishiWaBwana77

Ndugu zangu mnajadili uzinzi kama mnajadili bei ya ndizi Mbuyuni. Maandiko yako wazi. Huo mchezo watoto watauona. Kama lazima uchezwe basi huyo mwanamke apate malipo ya dhambi yake ili jamii ijifunze, la sivyo mnafundisha wake za watu.

Mwl_wa_Uru

Mtumishi heshima yako, ila hilo la "apate malipo" lilishajaribiwa na halikumsaidia aliyejaribu. Flaubert kule Ufaransa alimwandika Emma Bovary, mke wa daktari wa kijijini aliyechoka na ndoa yake, akamnywesha sumu mwishoni akafa kifo kibaya sana. Pamoja na hivyo serikali ikamburuza mahakamani Paris 1857 kwa kuchafua maadili! Akaachiwa, kesi ikakitangaza kitabu. Kwa hiyo wanaotaka kukasirika watakasirika tu, umuue usimuue. Na Tolstoy naye Anna wake akamtupa chini ya treni. Nafundisha fasihi naweza kuwatajia orodha ndefu, wanawake wanakufa, walioandika ni wanaume.

Ila mwandishi nataka nikupe mfano mwingine unaokuhusu moja kwa moja maana shida yako ni mwisho. Ibsen wa Norwei mwaka 1879 alitoa mchezo, A Doll's House, Nora anamwambia mumewe ukweli anachukua kibegi anaondoka anaacha mume na watoto watatu, mlango unasikika unafungwa. Watu wa wakati ule walipagawa. Walipotaka kuucheza Ujerumani, mwigizaji mkubwa wa kule akakataa kuigiza mwisho huo, akasema yeye hawezi kuacha watoto wake. Ibsen akaogopa wengine wasije wakamwandikia mwisho, akaandika mwenyewe mwisho mwingine, mume anampeleka Nora mlangoni kwa watoto waliolala, miguu inamwishia, anabaki. Na hakuupenda hata kidogo, aliuona kama unyama dhidi ya mchezo wake.

Nakwambia haya kwa sababu gani, kikundi chako ndo hao Wajerumani. Mwenye sumu, mwenye panga, mwenye padri, wote wanatafuta namna ya kumtoa Manka jukwaani bila yeye kuamua kitu. Usiwaachie. Na usimfanye Godlisten ndo zawadi yake ya mwisho, huyo kijana alichofanya ni kuuliza swali moja. Manka angeulizwa hilo swali na fundi bomba angempenda fundi bomba.

chalii_wa_Ngarenaro

😂😂😂 fundi bomba mwalimu umeniua. Ila kweli.

Meku_wa_Kibosho

Nimesoma yote. Mimi ni mtu mzima kidogo, mambo ya sheria na Wajerumani siyajui, lakini mmeweka Kibosho humo na naona mnatembea juu juu.

Kwanza huyo Godlisten ni kitinda mimba. Kwa mila yetu nyumba ya baba na mama inabaki kwa wa mwisho. Kwa hiyo hata asipokuwa na hela ndiye mwenye boma, ndiye atakayekaa na mama mpaka siku ya mwisho. Elibariki ana kipande chake cha kihamba pembeni hapo hapo. Hawa watu wawili hawawezi kuachana. Kila Desemba watapanda mlima ule ule, watalala wanatazamana milango, wakifa watazikwa migombani pale pale. Mnasema Elibariki akamshtaki mdogo wake, sawa, halafu Krismasi anapanda kwenda wapi?

Pili siri isifumuke kwa simu. Kila mchezo siku hizi ni meseji imeonekana. Pale mbuzi anachinjwa, nyama inagawanywa kwa utaratibu, kila mtu anajua fungu lake kutokana na nafasi yake kwenye ukoo. Weka Godlisten anapokea fungu lake, anakata kipande bila kufikiri anampa Manka, kama mtu aliyezoea. Hakuna neno. Bibi mmoja anaacha kutafuna. Wachaga waliokaa ukumbini watashika vichwa kabla hata ya Elibariki hajaelewa.

Tatu, msamaha wenu ule wa padri utoeni. Sisi tuna isale. Jani hilo tunalipanda mpakani na makaburini, na mtu akikukosea akakuletea isale kuomba radhi, huna namna, unasamehe, hata kama moyo unachemka. Kukataa isale ni kujitafutia laana. Kwa hiyo Godlisten asubuhi anakuja mbele ya wazee na isale mkononi, anapiga magoti kwa kaka yake. Elibariki anatetemeka lakini anapokea. Wazee wanashusha pumzi, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, ndugu wamepatana, ukoo umepona.

Sasa mnauliza mwanamke yuko wapi. Ndiyo hilo. Hakuna aliyemletea isale Manka. Mumewe aliyemnyamazia miaka yote hajui hata kama amekosea. Wanaume wamesameheana juu ya kichwa chake.

Mama_Kiboriloni

Mae! Meku umesema. Mimi hapo ndo nilipokuwa natafuta nifike sijui nashindwa wapi. Wanakunywa mbege wanaimba, na mama mkwe peke yake anaona kiti cha Manka kiko wazi, na hasemi. Akisema watamfuata. Mwache akae kimya safari hii kwa faida ya mwanamke mwenzake.

MtumishiWaBwana77

Isale ni mambo ya mila mimi siyashiriki lakini nakubali hiyo ya kuwa mume naye ana deni. Mume anaambiwa ampende mkewe, sio amlishe tu. Hilo liingizeni basi, msimwache aonekane hana kosa kwa kuwa hajapiga mtu.

Mwandishi_wa_Pasua

Jamani nimesoma nimerudia kusoma. Asanteni sana, Meku shikamoo, hiyo ya nyama naichukua kama ilivyo.

Nimeshaanza kupanga upya. Sehemu ya tatu inakuwa vipande viwili vinavyokwenda kwa pamoja jukwaani, upande wa kushoto Kibosho wanaume na isale na mbege, upande wa kulia taa ndogo, Manka yuko kwenye benchi la ofisi ya kata amefika mapema kabla hawajafungua baada ya sikukuu. Mjumbe anamuuliza yale maswali ya Karani, anakupiga, anakulisha, kila jibu lake linaangukia kwenye shangwe ya upande wa pili. Swali la mwisho "sasa unataka nini mama?" na hilo ndo la pili mtu kumuuliza kitu kwenye mchezo mzima baada ya lile la cherehani. Anaanza kujibu. Anachotaka nitakiandika, ila sio Godlisten, na sio kurudi.

Elibariki nampa sini moja ya peke yake kabla ya hapo, nimeona Mtumishi ana hoja. Anamkuta Manka amelala, anakaa kitandani anataka kumuuliza kitu, anafungua mdomo, anauliza luku. Yani mtu unamuona alikuwa karibu kabisa.

Kwenye kikundi bado watabisha, yule wa panga hasa, maana panga alishalikodi kabisa 😅

Swali la mwisho: kibali. Tunataka kuucheza Moshi kwanza afu tuje Arusha, mtu kasema mchezo wa jukwaani hauhitaji, ni filamu tu.

chalii_wa_Ngarenaro

Kakudanganya. Sheria yenyewe inaitwa ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ya 1976, jukwaa limo humo humo. Anza na afisa utamaduni wa hapo kwenu, peleka muswada mapema sio wiki ya onyesho, na usipeleke ule wa zamani wenye panga na sumu wakaja kuona kitu kingine.

Afu muigizaji wa Elibariki usichukue mwenye sura ya kikatili. Tafuta yule mpole, anayependwa mtaani, ambaye watu wakimuona anauliza luku watacheka mara ya kwanza na ya pili.

Karani_wa_Sheria_AR

Na mimi la mwisho, kwa ajili ya ile ofisi ya kata. Msiweke joho wala nyundo, baraza sio mahakama. Meza ya mbao, mafaili yamefungwa kwa kamba, kalenda ukutani, na mjumbe mmoja awe mwanamke ambaye haongei mpaka wenzake wamalize. Manka mpeni bahasha yenye cheti cha ndoa, aishike mapajani muda wote. Wataanza kwa kukiomba hicho.